Risasi za kusubu kwa bunduki ya wenzo: pima mtutu kwanza

Mwenye bunduki ya wenzo, ile inayojazwa kwa kuvuta mkono wa chuma ulio chini yake, ya kaliba kubwa, iwe .45-70 au .444 Marlin, hakawii kuvutiwa na risasi za kusubu, yaani zenye kichwa kilichomiminwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Ana haki. Ni za bei nafuu kuliko zenye ganda la shaba, huchakaza mtutu kidogo zaidi, na .45-70 yenyewe ilizaliwa nazo: jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873 ikiwa na kichwa cha greni 405, gramu 26 hivi, nyuma yake baruti nyeusi. Mtu akiniomba ushauri, karibu kila mara huanza na ugumu wa aloi. Mimi humuuliza kwanza kama mtutu wake ameupima.

Kichwa cha kusubu kinapaswa kuzidi kidogo kipenyo cha mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu. Kikipwaya, gesi ya moto hupenya pembeni yake, huyeyusha madini ya kichwa na kuyapaka kwenye kuta za mtutu, na baada ya mizunguko michache shabaha inatawanyika. Kichwa chenye ganda la shaba cha inchi 0.458 kinaweza kupiga vizuri sana kwenye mtutu ambao kichwa cha kusubu cha kipenyo hichohicho kinauchafua mpaka mdomoni. Kwa hiyo usiamini kilichoandikwa kwenye boksi, wala kwenye mtutu.

Kupima si kazi ngumu. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, fungua wenzo na, kama bunduki yako inaruhusu, toa bolti kabisa. Paka mafuta ndani ya mtutu, kisha gonga kipande cha madini laini ya risasi yasiyochanganywa na kitu kiingie mdomoni, ukisukume kwa ufito wa shaba taratibu. Mkono wako ndio utakaosoma mengi. Mwanzoni kinakaza, halafu kinateleza kwa uzito uleule, kisha ghafla kinakaza tena unapofika chini ya kitako cha kilengeo cha nyuma, pale chuma kilipochongwa mfereji wa kuishikilia. Bunduki nyingi za wenzo zina kibano hapo, na nyingine wanapogonga maandishi ya mtutu. Kikitoka upande wa pili, kipime kwa maikromita kwenye sehemu pana zaidi, yaani alama za mifereji. Kumbuka tu kwamba kilichopita kwenye kibano kimebeba kipimo cha kibano; sehemu ya mtutu iliyo pana zaidi ipime kwa kipande kingine, kwa kukiingiza upande wa chemba.

Ongeza inchi 0.001 hadi 0.002 juu ya kipimo hicho. Kwa .45-70 nyingi utaangukia 0.459 au 0.460, na ndivyo unavyopaswa kuagiza. Kabla ya kununua boksi zima, tengeneza risasi moja ya majaribio isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni), uiingize chembani. Kama wenzo unagoma kufunga, shingo ya ganda linaloshika kichwa imenenepa kupita nafasi iliyopo. Usilazimishe: shingo isiyo na pa kutanukia hupandisha shinikizo.

Sasa tunaweza kuzungumzia ugumu, na kwa maoni yangu unasifiwa kupita kiasi. Madini ya risasi yasiyochanganywa yana ugumu wa 5 hivi kwa kipimo cha Brinell. Aloi maarufu ya Lyman namba 2, yaani asilimia 90 risasi, 5 bati na 5 antimoni, hufika 15. Linotaipu, ile ya mitambo ya zamani ya uchapaji, iko kwenye 22, na kwa uwindaji siitaki, maana inaweza kuvunjika ikigonga mfupa. Kichwa kigumu mno hakitanuki kitakoni kuziba mtutu pale gesi inapokisukuma, hivyo kikiwa chembamba hakina cha kukiokoa. Kwa mwendo wa wastani, futi 1,300 hadi 1,500 kwa sekunde, 11 au 12 inanitosha. Ukitaka kwenda kasi zaidi, chukua muundo wenye kisahani cha shaba kitakoni kabla ya kukimbilia aloi ngumu.

Pua ya kichwa haina mjadala. Katika magazini ya bomba, pua ya risasi ya nyuma hukaa juu ya fataki ya iliyo mbele yake. Pua iliyochongoka, teke la bunduki likija, inaweza kuilipua yote humo ndani. Chagua bapa, na pana. Ubapa huo ndio pia unaofanya kazi ukimpata mnyama, hata kichwa kisipotanuka.

Angalia vilevile mfereji wa kubania ulio kwenye kichwa, ambamo mdomo wa ganda hubanwa. Bila ganda kubanwa vizuri hapo, springi ya magazini na teke vitakisukuma kichwa ndani. Na uwe mahali ambapo urefu wa risasi nzima hautazidi inchi 2.55 kwa .45-70, la sivyo haitapita kwenye mashine. Vichwa virefu vya greni 500 mara nyingi hukwama hapo. Kati ya 350 na 430 hakuna usumbufu, na bega litakushukuru.

Kiasi cha baruti kichukue kwenye jedwali lililochapishwa kwa kichwa chako na aina ya bunduki yako. Majedwali ya .45-70 hugawanywa kwa kawaida katika madaraja matatu: bunduki dhaifu za Springfield za karne ya 19, bunduki za wenzo za kisasa, na zile imara za risasi moja. Kwa bunduki ya wenzo, la tatu usiliguse.

Kabla ya kujaribu, ondoa shaba yote iliyobaki mtutuni, maana madini laini hushika juu yake. Piga mizunguko michache, kisha angalia ndani kwa taa. Utando wa kijivu karibu na chemba unaonyesha kichwa chembamba, au kitako kinachovuja gesi. Ukiwa mdomoni tu, mafuta ya kichwa, yaani nta ya kukilainisha, yameisha njiani: badilisha nta, au tafuta muundo wenye mifereji mikubwa zaidi ya kuibeba.