Muulize Mjomba: Tukilala porini ndani ya gari, tujilinde na nini?

*Mjomba shikamoo. Mi nakaa Kinyerezi, nina Hiace ya zamani nimeipeleka kwa mafundi Gerezani wakatoa siti za nyuma wakanichomelea kitanda, juu nimefunga sola, kuna betri, mtungi mdogo wa gesi na tenki la maji, yaani nyumba kabisa. Plani yetu mimi na mama watoto na wanetu wawili ni kushuka Kimbiji, alafu mwezi wa saba twende Kilwa mpaka Mtwara, tulale popote panapopendeza, sio lazima gesti. Sasa shemeji yangu ananiambia bila bastola nimejipeleka mwenyewe kwa wezi, na mi nikiangalia Wamarekani YouTube wanalala jangwani kwenye magari yao naona wengi wana silaha. Mama watoto kasema siku bunduki ikiingia kwenye gari yeye anashuka. Nimebaki katikati. – Baba Wawili, Kinyerezi*

Marahaba mpwa wangu. Mi niko upande wa mama watoto, tena sio kwa sababu naogopa ugomvi wa ndani ya nyumba yako, ni kwa sababu nimelifikiria hili jambo muda mrefu na kila nikilizungusha narudi palepale.

Hao Wamarekani kwanza tuwaache kwao. Wengi unaowaona wanalala kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali yao inaitwa BLM, sehemu nyingi unaruhusiwa kukaa siku 14 bila kulipa kitu, ni majangwa makubwa, nyumba ya karibu huioni hata kwa darubini. Sheria za silaha kila jimbo lina zake, na tangu 2010 hata kwenye hifadhi zao za taifa mtu anaingia na bunduki yake kama sheria ya jimbo inamruhusu. Kwetu sivyo. Hapa pori unaloliona halina mtu lina mwenyewe: ni ardhi ya kijiji chini ya ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, au ni msitu wa TFS, wale wakala wa serikali wa misitu, au hifadhi, au ni shamba la mikorosho la mzee fulani ambaye kesho asubuhi anakuja kupalilia. Kwa hiyo hata siku moja hulali mahali pasipo na watu, unalala mahali ambapo watu hawajakuona bado, na hapo ndo kwenye kiini cha swali lako.

Turudi kwenye bastola. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, sio kitu cha kuazima kwa shemeji ukarudisha Jumatatu. Lakini tuseme leseni unayo. Utaiweka wapi ndani ya Hiace na watoto wawili? Ukiifungia kwenye sanduku la chuma kama inavyotakiwa, saa nane usiku mtu akigonga kioo hutaifikia kwa wakati, ukiiweka chini ya mto basi wa kwanza kuifikia ni mtoto. Alafu bodi ya gari ni bati tu, risasi inatoka nje inaendelea na safari, wewe umeshtuka usingizini, giza, hujui nje ni mwizi au ni mgambo wa kijiji amekuja kuuliza hili gari la nani. Na ukitaka kupitia hifadhi ya taifa hapo huingii na silaha bila kibali. Bastola itakupa ujasiri wa kulala mahali ambapo usingelala bila hiyo, na mi naona hiyo hatari ni kubwa kuliko mwizi mwenyewe.

Sasa kujitetea, maana najua utaniuliza je nikivamiwa nikae nitazame? Hapana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mtu mwingine na kulinda mali. Ila nguvu iwe ya kadiri, ile inayohitajika kuzuia shambulio, ukizidisha unajibu kama mkosaji mwingine yeyote. Mtu amevunja kioo anamvuta mama watoto, ukampiga na spana aachie, hapo umetetea. Mtu ameshachukua mtungi wa gesi anakimbia nao, we ukamfukuza na panga ukamkata mgongoni, hapo hujilindi tena, hapo una kesi. Kubali hasara ya mtungi mpwa wangu, unauzwa kila duka.

Na kuna jambo watu hawalisemi: usipige kelele za "mwizi!" ukiwa kijiji cha watu. Unajua wenyewe yanayofuata, watatoka na mawe na tairi, na anayeuawa anaweza kuwa kijana mlevi aliyekuja kuchungulia sola, na wewe ndo uliyeita. Piga honi mfululizo, ita "msaada", wenye nia njema watakuja na hayo mengine yatakuwa mikononi mwa uongozi.

Panga beba, la kukatia kuni, liweke nyuma pamoja na koleo na jeki kama mtu yeyote mwenye safari. Chini ya mto hapana. Na ile dawa ya pilipili ya kupuliza, ukiipuliza ndani ya Hiace unaivuta wewe na watoto wako kabla ya yule wa nje.

Kinachokulinda kweli ni kujulikana. Fika mapema, saa kumi kumi na moja jioni uwe umeshaamua unalala wapi, sio saa mbili usiku unamulika vichaka. Nenda ofisi ya kijiji au uliza nyumba ya mwenyekiti, ingia na mama watoto na watoto waonekane, salimia kwa utaratibu, sema sisi familia tunatoka Dar tunaomba kulala hapa usiku mmoja, hiki kitambulisho changu, namba ya gari ni hii. Chukua namba yake ya simu na ya mtendaji. Mara nyingi atakwambia pale ulipopapenda sipo, kule ufukweni usiku wanapita watu, njoo hapa karibu na zahanati au shuleni, na kama kuna kijana wa ulinzi shirikishi atakuonyesha, mtoe kidogo asubuhi. Hapo zahanati panaweza pasiwe na mandhari ya ile sehemu uliyoiona nzuri kwenye picha, najua, lakini utalala.

Hili la kusini naomba ulibebe kwa uzito. Unapita Mkuranga, Kibiti, Rufiji. Mwaka 2017 kule viongozi wa vijiji waliuawa na polisi waliuawa, watu waliishi na hofu miezi mingi na hawajasahau. Gari geni limejificha kichakani usiku na mapazia yamefungwa linawatisha wale wenyeji kuliko wao wanavyokutisha wewe, na mtu aliyetishika ndo anakuja na wenzake. Kwa hiyo huko kujitambulisha sio adabu peke yake. Na ukifika Mtwara ukataka kusogea mpakani kwenye Mto Ruvuma, pitia polisi kwanza uwasikilize wanasemaje.

Gari lenyewe lipaki likiwa limetazama barabara, tayari kutoka, sio pua imeingia kwenye mikoko. Usiku hakuna kiti wala meza wala jiko nje. Funguo inakaa sehemu moja, kila mtu mzima anaijua, na kutoka kitandani mpaka kwenye usukani pawe na njia ya kupita bila kufungua mlango, kama fundi amekuzibia na kabati mrudishe alitoe. Mafuta yasishuke nusu tanki. Angalia netiweki kabla hujaamua kulala, uwe na laini za mitandao miwili, 112 ni polisi na 114 ni zimamoto. Mtu akigonga ongea naye kioo kikiwa kimefungwa, akisema ni mgambo au polisi mwambie ngoja nimpigie mwenyekiti, ndo maana ulichukua namba. Moyo ukikataa, washa gari ondoka, hata kama ni saa tisa, hata kama umeacha ndoo nje. Na hili mlifanyie mazoezi hapohapo Kinyerezi uani: nani anashika usukani, nani anakaa na watoto chini, na anayeshika usukani jioni hiyo hanywi pombe.

*Mjomba shikamoo, mi ni mdada wa Sinza, nina Noah nimeweka godoro na mapazia, nazunguka peke yangu wikiendi, Bagamoyo, Morogoro, hivo. Kila mtu ananiambia najitafutia matatizo. Ni kweli niache? – Binti wa Noah*

Marahaba binti yangu. Usiache. Ila mi nisingekushauri ulale kichakani peke yako kama yule wa Kinyerezi na familia yake, sio kwamba huwezi, ni kwamba yeye ana mtu wa pili wa kuendesha na wewe huna. Tafuta ukuta na mlinzi. Sehemu za kupiga kambi za kulipia, uwanja wa misheni ukiomba vizuri, lodji ndogo wengi wanakubali ulipie kupaki na kuoga tu, na ikishindikana sheli yenye taa na wahudumu wa usiku, omba ruhusa kwa meneja usijipakie tu. Choo ni ndoo yenye mfuniko ndani ya gari, usitoke usiku, hilo ndo linalowatoa wengi nje saa mbaya.

Picha rusha ukishaondoka pale. Wale bodaboda wanaokuuliza uko na nani, jibu lako ni wenzangu wako njiani, hudaiwi ukweli na mtu usiyemjua. Alafu mtu mmoja nyumbani awe na lokeshen yako na mkubaliane saa: nisipokupigia saa moja asubuhi unapiga wewe, nisipopokea mpaka saa mbili unampigia mwenyeji wangu, alafu polisi. Mpe hiyo namba ya mwenyeji kabla hujalala. Mtu mwenye lokeshen asiyejua lini aanze kuhangaika hatakusaidia. Mlango wa Noah wa kuslaidi upimwe na fundi kama loki ya ndani inashika, magari mengi ya umri huo imeshachoka na mwenyewe hajui.

*Mjomba, tukiharibikiwa na gari usiku pale Mikumi tufanyeje, na tukiamua kulala hapohapo? – Dereva, Mbagala*

Kulala kwa kupenda hapana, ndani ya hifadhi unalala kwenye kambi zilizotengwa na umelipia TANAPA, wale wanaosimamia hifadhi za taifa. Barabara ya Iringa inapita katikati ya hifadhi kilomita kama 50, hakuna uzio, simba na tembo wanavuka kama wanavyotaka. Ukiharibikiwa sogeza gari nje ya lami lote kabisa maana malori yanakimbia na hilo ni hatari ya karibu kuliko simba, washa hazadi, kaeni ndani, vioo juu, msishuke kuchungulia injini na tochi ya simu. Piga simu, au simamisha gari kwa taa ukiwa ndani, waombe wafikishe taarifa kwa askari wa hifadhi getini. Kama mna ndizi na machungwa yafunge vizuri, tembo anasikia harufu ya matunda na bati la gari kwake si kitu. Haja ndogo chupa. Shoka na panga kwa mnyama havikusaidii chochote, mlango uliofungwa unasaidia.

*Shikamoo mjomba. Tunaenda Lushoto mwezi wa sita na kempa ya rafiki, tumeambiwa kuna baridi kali. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa ndani tukiacha dirisha wazi kidogo? – Wanachuo wanne, Mlimani*

Marahaba wanangu. Hapana, hapana kabisa, na nimeiweka barua yenu ya mwisho ili msomaji aondoke nayo. Mnaulizana kuhusu wezi na chui na hiki ndo kinachoua familia nzima usingizini bila mlango kuvunjwa. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, haikukohoeshi kama moshi, na ule mkaa mwekundu usio na moshi ambao mnauona umeiva ndo bado unaitoa. Dirisha wazi kidogo halitoshi kwenye chumba kidogo kama gari. Jiko la gesi nalo ni la kupikia mlango ukiwa wazi alafu mnazima mpaka kwenye mtungi, sio la kupashia joto, na jenereta ikae mbali na gari, moshi wake usielekee madirishani.

Baridi ya Lushoto mnaishinda kwa mablanketi mawili mawili, soksi, kofia, chupa ya maji ya moto miguuni, na mkeka au godoro zito chini maana baridi nyingi inapanda kutoka kwenye sakafu ya gari. Kuna alamu ndogo za betri zinazolia hewa hiyo ikizidi, mkiipata nunueni, ila isiwe ndo sababu ya kuingiza mkaa. Na usiku mmoja wenu akiamka kichwa kinamgonga, kizunguzungu, kichefuchefu, na mwingine naye analalamika hivyohivyo, msiseme ni ile nyama ya jioni: fungueni milango yote, tokeni nje wote wanne, anayelala fofofo mburuzeni, pumueni hewa ya nje, na mwende hospitali usiku huohuo hata kama mmeanza kujisikia nafuu.