Usibadilishe mtu, mjue anayekupiga

"Kaka, kuna jamaa hapa Mbagala ana King, ananirusha mpaka watu wanasimama kwenye viti. Mimi natumia Law. Nimchukue nani ili nimpige?"

Ujumbe huo unahusu Tekken, gemu ya ngumi ya watu wawili, na King na Law ni wapiganaji unaowachagua humo. Umeingia wiki hii, na haukuja peke yake. Tangu video ya fainali niliyocheza Sinza ianze kuzunguka kwenye magrupu, simu yangu imekuwa ofisi ya maswali. Nani anampiga Kazuya? Nani anampiga King? Eddy anapigwa na nani? (Eddy ndiye mhusika wangu, na wanaouliza hilo la mwisho nawajua, ni walewale.) Wachache nimewajibu kwa sauti, wengine nimewapa dole gumba tu, nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome.

Jibu la kijana wa Mbagala ni hili: usimchukue mtu yeyote. Baki na Law wako. Anayetakiwa kuchukuliwa ni King, na umchukue ukiwa peke yako, siyo siku ya mechi. Nitaeleza. Ila kwanza tumalizane na hiyo fainali, maana aliyerekodi alianza katikati, na maneno yaliyosemwa mwishoni kayakata.

Shindano lenyewe lilikuwa la kawaida. Chumba juu ya duka la vipodozi, televisheni mbili, feni moja ambayo ilikuwa inawapepea waandaaji. Tekken 8, ukipoteza mechi mbili unakwenda zako. Mechi za mwanzo naziruka, hazina habari. Fainali nikakutana na jamaa wa Kazuya, na kila anayecheza Tekken kuanzia Mwenge mpaka Magomeni anajua namzungumzia nani, kwa hiyo jina silitaji.

Niseme haki yake: anajua. Ile ngumi ya umeme ya Kazuya wengi wetu tunaiona kwenye video tu. Unagusa mbele, unaachia, chini, halafu chini-mbele pamoja na kitufe cha pembetatu cha pedi ya PlayStation, na pembetatu lazima iingie kwenye fremu ileile ya chini-mbele. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, hebu fikiria fremu moja ni kitu gani. Ukikosea inatoka ngumi ya kawaida. Ukipatia mkono unawaka, na hata mwenzako akizuia bado wewe ndiye mwenye zamu. Huyu bwana anaitoa huku anaongea na watu nyuma yake. Miezi kadhaa nyuma, kwenye ligi ya mshindi-anabaki, aliwahi kunipiga kwa namna hiyo, akiwa anakula chipsi mayai. Aliweka pedi chini, akachoma kipande na kijiti, akala, akashika tena pedi, na rauni bado alichukua yeye. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ningefanyaje?

Nyumbani nikafikiria kama wewe wa Mbagala. Labda nimchukue Jin. Labda Dragunov, maana wakati ule kila mtu alikuwa analalamika kwamba ana nguvu mno. Halafu nikafanya kitu ambacho marafiki zangu waliona ni kichaa: nikamchukua Kazuya mwenyewe nikaingia naye mtandaoni. Nilipigwa na kila aliyekuja, kwa sababu umeme sikuwa naupata hata kwa dawa. Lakini umeme sikwenda kuutafuta. Nilitaka kujua, nikiwa Kazuya, kitu gani kinaniudhi.

Na vitu vya kumuudhi Kazuya vipo. Kinachomkera kuliko vyote ni mtu anayekwepa pembeni kwenda kushoto. Kushoto kwa mhusika wako, siyo kushoto kwa skrini, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiwa umesimama upande wa kushoto wa skrini unagusa juu, ukiwa upande wa kulia unagusa chini. Mapigo yake makali mengi yanapita hewani. Pili, umeme ni pigo la juu. Aliyeinama haumgusi, na Kazuya anabaki amesimama na mkono hewani mbele ya mtu anayeinuka. Tatu, lile fagio lake la chini ukilizuia kwa kuinama anachelewa sana kurudi, unamnyanyua na kombo nzima, mapigo mfululizo, unampa. Shida ni kwamba fagio na pigo lake la kati, lile linalompata aliyeinama, vinaanza kwa kuingia kulekule, kwa hiyo lazima ukisie. Ila nilipokuwa mimi ndiye Kazuya niligundua siri: fagio linatisha kulipiga. Unajua kabisa likizuiwa umekwisha. Mtu halipigi akiwa na wasiwasi, analipiga akiwa amekutawala, au rauni inapokaribia kuisha na damu yako imebaki kidogo, ili akumalizie kwa madaha.

Basi. Fainali ile nilisubiri madaha. Nilikuwa nakwepa kushoto, nachoma mateke madogo, sina haraka. Rauni ya mwisho damu yangu ilikuwa imebaki uzi, yeye ana karibu nusu. Akaingia kwa ile mikimbio yake. Chumba kizima kinajua kinachokuja. Nikainama. Fagio likagonga miguu iliyokwisha kuzuia, nikainuka na teke, akaenda juu, na kilichofuata mmekiona kwenye video.

Msichokiona ni kwamba nilimpa mkono akauacha hewani. Akageukia watu wake akasema, "Kabebwa na Eddy huyo. Eddy ni wa watoto, unabonyeza tu."

Nakiri, bado inaniuma. Nimeshinda, hela ya mshindi nimechukua, lakini nikiwa kwenye daladala narudi Mwananyamala nilichokuwa nakisikia ni hicho tu, kabebwa. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Eddy Gordo aliingia kwenye Tekken 3 mwaka 1997, na kizazi changu kilimkuta kwenye vibanda vya jero, PlayStation ya zamani, pedi imefutika alama zote. Mtoto yeyote aliyekuwa hajui kitu alimchagua Eddy, akakandamiza vitufe vya miguu, na kapoera, ule mchezo wa mapigano wa Brazil, ikatoka yenyewe, inazunguka, inapendeza, na inapiga. Wakubwa walichukia. Kuna kibanda Eddy alipigwa marufuku kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Sifa hiyo mbaya imemfuata mpaka leo, na wengine tunaompenda imetufuata pia.

Sasa sikilizeni. Fainali ya Tekken 8 kwenye Evo 2024, kule Las Vegas, shindano ambalo kila mpiga gemu ya ngumi duniani anaota kufika, Mkorea anayeitwa Jeondding alifika akiwa na Eddy. Alifungwa na Arslan Ash, sawa, lakini hakuna mtu anayefika pale kwa kubonyeza. Eddy wa Tekken 8 hayupo hata kwenye gemu unayonunua mwanzo, aliongezwa Aprili 2024 na unamlipia pembeni. Ana mikao kadhaa ya kucheza nayo, na kila mkao una mlango wa kuingia na wa kutokea. Anayedhani ni wa watoto amchukue kesho aje nimpige na Kazuya wangu asiye na umeme.

Tumrudie King, maana kijana anasubiri.

King anaogopwa kwa sababu anakamata, na ukikamatwa unakaa unatazama sinema. Lakini karibu kila kumkamata kwake kuna mlango wa kujinasua, tena anakuonyesha mwenyewe. Tazama mikono yake. Ukitangulia mkono wa kushoto, bonyeza mraba. Ukitangulia wa kulia, pembetatu. Ikija yote miwili, bonyeza vyote viwili kwa pamoja. Giant Swing, ule wa kukuzungusha, ni mraba. Muscle Buster ni vyote viwili. Kule kukamata kwa kawaida ambako kila mhusika anako, kimoja chochote kati ya hivyo kinatosha. Muda wa kujibu upo, mdogo lakini upo, na unafanana na wa kipa kwenye penalti: anayetazama mpira anachelewa, anayetazama nyonga ya mpigaji anafika. Acha kumtazama King usoni. Kile kinyago cha jagwa kimewekwa pale kukupotezea muda.

Njia nyingine ni kuinama. Kumkamata mtu aliyesimama ni pigo la juu, ukiinama mikono inafumba hewa na wewe unainuka naye. Tatizo ni kwamba King mzuri akikuona unainama-inama anaacha kukamata, anakupiga la kati. Hapo ndipo jamaa wa Mbagala anakumaliza, siyo kwa Giant Swing. Giant Swing imekutia hofu tu, na kinachokupiga ni hofu. Ndiyo maana nasema mchukue King wewe mwenyewe. Cheza naye kidogo, utagundua kitu kimoja cha ajabu: mwenye King naye anakisia. Anatamani uiname. Ukisimama tu, ukatulia, ukajinasua mara mbili mfululizo, anaanza kutafuta cha kufanya. Na ile minyororo yake ya kukamata-baada-ya-kukamata, hatua nyingi zina kitufe chake cha kutokea, kwa hiyo hata ukichelewa wa kwanza usiweke pedi mapajani, jaribu unaofuata.

Pa kujifunzia pamo humohumo kwenye gemu. Ingia mazoezi, mwambie King wa kompyuta akukamate kwa namna tofauti tofauti, na wewe ujinasue mpaka mkono uzoee. Tekken 8 pia inakuhifadhia mechi zako. Ukiitazama ile uliyopigwa, inakuonyesha mahali ulipoweza kujibu, na unaweza kusimamisha ukashika pedi ukaendelea mwenyewe kuanzia pale. Wangapi mnaifungua sehemu hiyo? Mnajua kufungua video ya mtu wa Korea anayepanga wahusika kwa ngazi, huyu wa juu, huyu wa kati, huyu takataka, halafu mnakuja kibandani kugombana mpaka saa nne usiku kwamba Law anapoteza kwa King sita kwa nne, yaani kati ya mechi kumi King anachukua sita. Sita kwa nne ya nani? Hiyo hesabu ni ya watu wawili ambao kila mmoja anajinasua bila kufikiri. Wewe na jamaa yako wa Mbagala bado hamjafika kwenye hiyo hesabu, na mimi sijafika.

Na ngazi zenyewe hazikai. Aprili 2025 gemu ilipoingia msimu wa pili ilibadilishwa mapigo mengi kwa mkupuo, wachezaji dunia nzima wakachachamaa, na Bandai Namco, wenye gemu, wakalazimika kuanza kurekebisha upya. Waliokuwa wamehama kumfuata mhusika mwenye nguvu wakahama tena. Aliyekuwa anamjua mpinzani wake hakuhama. Jamaa wa Kazuya alikuwa na madaha kabla ya msimu wa pili, na msimu wa pili ukamkuta na madaha yake.

Nikianza mada hii siwezi kunyamaza kuhusu Arslan Ash, mnisamehe. Mwaka 2019 huyu kijana wa Lahore, Pakistan, alikwenda Japani akachukua Evo Japan wakati wakubwa wengi hawamjui. Alipomaliza akasema kwao wapo wengine wakali. Watu wakacheka. Knee wa Korea, mkongwe ambaye Tekken ni kama kazi yake ya kuzaliwa, akapanda ndege kwenda Pakistan kuhakikisha, akakuta ni kweli. Agosti mwaka uleule Arslan akaenda Las Vegas akachukua na Evo, fainali akamfunga Knee huyohuyo. Wale vijana walijengana wenyewe kwa wenyewe, kwenye vyumba vya gemu vya mtaani, umeme ukikatika wanasubiri. Vyumba kama hivyo Dar tunavyo, kuanzia Temeke mpaka Tegeta, na umeme wa kukatika tunao wa kutosha. Tatizo letu aliyepigwa anasema umebebwa, anaondoka. Harudi kuuliza, "Ile umenipiga ni nini, nionyeshe." Aliyeshinda naye anaficha kama kaiba. Unakuta mtaa mzima una King mmoja anayeogopwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyekaa naye chini akamwambia nikamate taratibu nione mkono.

Kaa naye, kijana. Mnunulie soda. Mwenye King yeyote anapenda kuonyesha anavyokamata, hataweza kujizuia.

Sasa nyie mlioniuliza Eddy anapigwa na nani. Kwa kuwa nimewaambia watu wasifiche, nitatoa kidogo. Eddy akisimama kwa mikono, miguu juu, hawezi kuzuia. Mkao wa kulala chini vilevile. Mnachokosea ni kumsubiri aanze kuzunguka ndipo mkisie juu au chini. Mpigeni la kati la haraka wakati anaingia kwenye mkao, kabla miguu haijafika juu. Kuna na jambo la namna ninavyotoka kwenye mkao wa chini, kuna upande mmoja nakuwa wazi kabisa, lakini hilo siliandiki, maana shindano la Kinondoni ni mwezi ujao na jamaa wa Kazuya nasikia anasoma hapa.