Seremala wa Ujiji na mbao zilizomtaja

Mhariri,

Mmetuuliza wiki hii: "Ukoo wako umeufuatilia hadi kwa nani, na ulikwama wapi?" Mimi nimefika kwa baba yake babu yangu mzaa mama, seremala aliyeshika tezo (kishoka cha kuchongea mbao) Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu miaka ya 1870 hadi baada ya Wajerumani kuingia. Nilikwama kwenye jina lake. Nilipoachana na jina nikaanza kuitafuta kazi yake, mambo yakafunguka. Hilo ndilo jibu fupi. Refu ni hili, na mkilipunguza msiuguse mlango.

Nyumbani tunamwita Babu Fundi. Majina yake hasa yako matatu, kila tawi la ukoo lina lake na kila tawi liko tayari kula kiapo. Kwa Ujiji ya wakati ule si ajabu. Mtu alizaliwa na jina la kwao, akafika kwa waungwana akapewa jingine, akasilimu akachukua la tatu, kisha karani wa Kijerumani akaandika alichodhani amesikia. Ukiingia kwenye nyaraka na jina moja, unamwacha mtu wako anapita mbele ya macho yako akiwa na jina lake la jana.

Kwa hiyo nilianza na wazee, na wazee huwaulizi mwaka. Ukimuuliza bibi wa miaka tisini baba yake alizaliwa lini atakwambia zamani, na atakuwa amekujibu vizuri tu. Niliuliza Babu Fundi alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea. Majibu yalikuja yenyewe. Reli ilipofika Kigoma, mwanawe, yaani babu yangu, alikuwa anachunga mbuzi. Hiyo ni 1914, basi mtoto alikuwa na miaka minane au tisa hivi. Wajerumani walipoweka kituo Ujiji mwaka 1896, Babu Fundi alikuwa tayari na vijana wa kumshikia msumeno. Alizikwa Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, na Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916, wakawaachia Waingereza mwaka 1921.

Neno lililonikalisha kitako lilitoka kwa shangazi yake mama: kwamba Babu Fundi aliingia Ujiji "ndevu hazijaota, na njia ya Unyanyembe imefungwa." Unyanyembe ni nchi ya Tabora, na aliyeifunga njia ile ni mtemi Mirambo. Vita vyake na Waarabu wa Tabora vilianza 1871, na ndivyo vilivyomfanya Stanley aache njia ya kawaida, azunguke kusini, ndipo amkute Livingstone Ujiji mwaka huohuo. Kijana asiye na ndevu wakati huo amezaliwa miaka ya 1850. Mwaka nimeupata bila karatasi hata moja.

Lakini maneno hayohayo yalitia ufa kwenye hadithi tunayoipenda kuliko zote, kwamba sisi asili yetu ni Bagamoyo na babu alikuja na msafara. Kama njia ilikuwa imefungwa, alipita wapi? Stanley alizunguka akiwa na bunduki, mali na wapagazi. Kijana na tezo lake angezunguka na nani? Sikusema kitu barazani siku ile. Wazee wa Ujiji wakikupa Bagamoyo, unaipokea kwa mikono miwili.

Sasa mlango. Kuna nyumba ya jamaa yetu Ujiji ambayo mlango wake wote tumeambiwa ni kazi ya Babu Fundi. Una mfaa, ule mti wima wa katikati, na nakshi kidogo juu, kazi ya mtu aliyeiona milango ya Unguja au aliyejifunza kwa mtu aliyeiona, maana mitindo hiyo ilifuata misafara ya pembe hadi Tabora na Ujiji. Kwa mbele haukuwa na la kuniambia, umepakwa rangi za mafuta tabaka juu ya tabaka. Nyumba ilipokuwa ikikarabatiwa mlango ukang'olewa, nami nikamwomba mjomba wangu, seremala wa Mwanga hapa Kigoma, aje autazame mgongoni kabla haujarudishwa.

Mjomba hakuzungumza mpaka alipomaliza kuupapasa. Kisha akaanza kuusoma. Mabonde haya mafupi mafupi, alisema, ni ya tezo. Randa haijapita huku nyuma, fundi aliona nani atatazama. Mistari hii ya kukata imenyooka lakini hailingani, kwa hiyo mbao zilipasuliwa na watu wawili kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine chini. Msumeno wa mashine wa duara ungeacha mistari iliyopinda. Misumari ya zamani ina pande nne, imefuliwa na mhunzi mmoja mmoja. Ile ya duara, ya dukani, iko mahali palipotengenezwa baadaye tu. Na nyuma ya mwimo wa kushoto, yaani mti wa kando wa mlango, kulikuwa na mikato mitatu ya patasi, miwili sambamba na mmoja umelala juu yake, hauna kazi yoyote. "Hii ni alama ya mwenyewe," akasema. "Hata mimi ninayo."

Halafu akagonga ubao wa chini kwa kidole. Mlango mzima ulikuwa mvule. Nilimuuliza kwa nini si mninga, maana mninga uko kwenye miombo ya upande wa Uvinza na Tabora, unaletwa kwa nchi kavu bila kuvuka maji. Badala ya kujibu alinionyesha matundu yaliyozibwa kwa vigingi vya mti, yamepangwa kwa nafasi sawa pembezoni mwa ubao, mahali ambapo mlango hauhitaji tundu. Ubao ule, alisema, ulikuwa ubavu wa chombo kabla haujawa mlango.

Mambo mengi ya kwetu yalijipanga palepale. Magogo makubwa ya mvule ya kuchonga mitumbwi yalitoka ng'ambo, Ugoma, upande ambao leo ni Kongo. Yalichongwa hukohuko, yakavushwa hadi Ujiji, na huko wafanyabiashara wakayaongezea mbao za ubavu, mlingoti na tanga ili yabebe pembe, chumvi ya Uvinza, mawese na watu. Vyombo vilikuwa vichache mno. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika mwaka 1858 walitamani jahazi la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ng'ambo; Speke akavuka ziwa kwenda kuliomba, akarudi mikono mitupu. Katika mji wa namna hiyo mtu anayejua kuunganisha ubao na gogo, akakalafati, chombo kisivuje, hakosi kazi. Babu Fundi alikuwa fundi wa vyombo. Milango alitengeneza kwa mabaki.

Ndipo nikaelewa habari ya matanga, yale ya msiba. Mama alikuwa akisimulia kwamba zamani msiba ukitokea kwetu, lazima mashua ije kutoka Ugoma, na wageni wale hawakukaa na majirani. Walikaa ndani na wenye msiba, na vitu vya marehemu vikigawanywa nao waliitwa. Hakuna aliyetueleza ni nani kwetu. Mpwa wangu mmoja anasema hao ndio asili yetu, Bagamoyo ni mapambo. Mimi nadhani inawezekana pia kwamba fundi anayeishi kwa mvule wa Ugoma alioa huko, kwa sababu mkwe ndiye anayekuonyesha mti mzuri. Yote mawili yanaingia kwenye ushahidi. Nikilazimishwa kuchagua namfuata mpwa wangu, kwa ajili ya ile njia iliyofungwa.

Kuna jingine la vyombo. Ukoo unasema Babu Fundi "alijenga meli ya chuma ya Wazungu." Kigoma ukisikia meli ya chuma unajua inayosemwa ni Liemba, na kwa kweli Liemba imemeza hadithi za mafundi wote wa ziwa hili, kila nyumba ina babu aliyeijenga. Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kushushwa majini Februari 1915. Babu Fundi wakati huo ni mzee wa miaka sitini. Lakini kabla ya Liemba kulikuwa na nyingine. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, na mmoja wao, Edward Hore, alikuwa baharia. Mwaka 1883 waliunganisha Ujiji mashua ya chuma, Morning Star, ambayo vipande vyake vilivutwa na kubebwa kutoka pwani. Stima yao, Good News, ilishushwa mwaka 1885 huko Liendwe, kusini mwa ziwa. Chuma kilikuja kwa misafara, ndiyo, lakini makasia, milingoti na magogo ya kutelezeshea chombo majini vilihitaji mtu wa tezo, na mwaka 1883 mtu wetu alikuwa kwenye miaka ya thelathini, mwenye nguvu zake. Kuapa siapi. Nasema tu kwamba miaka inamkubali kwa Morning Star na inamkataa kwa Liemba.

Kuhusu nyaraka nitakwenda haraka. Karatasi za Ujiji zimetawanyika kupita kiasi: za Wajerumani ziko Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na nyingine Berlin, ambako mafaili mengi yamewekwa kwenye intaneti, barua za wamisionari wa London ziko chuo cha SOAS, London, shajara za White Fathers, wamisionari Wakatoliki waliofika Ujiji 1879, ziko Rome, za utawala wa Wabelgiji utazitafuta Brussels, na ya wafanyabiashara na Balozi wa Uingereza utayatafuta Zanzibar. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani unahitaji msomaji wake. Anayezungumza Kijerumani cha leo anaweza akakodoa macho tu. Ukiwa Kigoma, muulize kwanza mtunza nyaraka kuhusu vile vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza. Na usitafute jina. Tafuta seremala, tafuta mashua, tafuta ujira. Fundi aliandikwa kwa sababu alilipwa, na alilipwa kwa nguo na shanga. Soko la Ujiji lilikuwa na shanga zake, sofi, zilizotumika kama chenji.

Nimeacha mwisho jambo ambalo barazani halisemwi. Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitoa vyeti vya uhuru kwa mtu mmoja mmoja, aliyejikomboa au aliyekombolewa, kisha amri ya Desemba 1904 ikatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Rudini kwa yule mchunga mbuzi wa 1914, wa miaka minane au tisa. Amezaliwa 1905 au 1906. Babu yangu, niliyemfahamu, aliyenibeba mgongoni kwenda kuona samaki wakiuzwa Kibirizi, amezaliwa juu ya mstari wenyewe.

Kama mama yake alikuwa mtumwa au la, wazee wangu hawataki liulizwe, na mjomba aliniambia kwa upole niandike ya mbao. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Bagamoyo tuliyojipa ilitusetiri wakati ambapo kuitwa mtoto wa mtumwa kulikunyima mke na shamba. Wakati huo umepita kwa sehemu kubwa, na kijana aliyevushwa ziwa, kwa hiari au kwa kamba, akaishia kuwa fundi mwenye vijana wake na alama yake, hana la kutuaibisha. Cheti cha uhuru bado nakitafuta, kwa majina yote matatu.

Ndugu wasomaji wa Ujiji, Tabora na ninyi wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mnaopata gazeti hili: mkiwa na mlango wa zamani wa mvule, siku mtakapoung'oa kwa ukarabati tazameni nyuma ya mwimo wa kushoto kabla fundi hajapiga randa. Mikato miwili sambamba na mmoja umelala juu yake. Mhariri ana namba yangu ya simu.

Msomaji wenu,
Kigoma