Shaha hafanywi

Swali: Mwalimu, nafundisha watoto chesi hapa Malindi. Mmoja akishinda hupaza sauti, "Nimemfanya chekmeti!" Je, chesi ni Kiswahili, au tuseme sataranji? Na hiyo chekmeti tuiiteje?

Jibu: La kwanza jepesi. Sataranji imo kwenye makamusi yetu siku nyingi. Wahindi wa karne ya 6 hivi waliuita mchezo huu chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu, ambao "ch" hawanayo, wakasema shatranj, na sisi Waamu, watu wa Lamu, tusiwacheke: macho kwetu ni mato na mchezo ni mtezo. Chesi nayo ni ya Waingereza, walioipata kwa Wafaransa, na ukiifukua mizizi unakuta shah, mfalme wa Kiajemi, huyu huyu shaha tunayemvisha kilemba cha malenga. Anayesema chesi kamzungusha mzee wa watu Ulaya nzima ndipo akamleta Malindi, ilhali angemteremsha jahazini. Lakini aseme. Neno limeshavaa kikoi, mimi simvui mtu nguo.

Hilo "nimemfanya" ndilo silivumilii.

Fanya amegeuzwa punda wa Lamu. Kila mwenye mzigo anambwagia mgongoni. Watu hawazungumzi tena, wanafanya mazungumzo. Hawaamui, wanafanya uamuzi. Mama hafagii ua, anafanya usafi. Juzi nilikuwa gatini, kikapu cha samaki mkononi, nikaona tangazo limebandikwa: "Abiria wanaombwa kufanya malipo kabla ya kufanya safari." Nikalisoma mara mbili, nikidhani jua limenipiga. Maneno manane! "Lipa kabla hujapanda" ni matatu, na nahodha yeyote angekumalizia kwa mawili: "Nauli kwanza." Na hiyo safari inafanywaje? Chombo ndicho kinachokwenda, abiria kakaa tu ameshika kofia isipeperuke. Nilimuuliza kijana wa tiketi kwa nini wasiandike "lipa". Akanijibu kwamba "lipa" ni ukali, "kufanya malipo" ni adabu. Loo! Kumbe adabu siku hizi hupimwa kwa urefu wa sentensi. Kufanya kazi, sawa. Kufanya biashara, sawa, babu zetu walifanya. Lakini penye kitenzi chake, mwacheni punda apumzike.

Turudi ubaoni. Chekmeti ni shah mat. Waajemi walikusudia kwamba shaha kakwama, hana hila tena. Sikio la Kiarabu likasikia mata, amekufa, ndugu wa mauti yetu. Hapa mimi niko na Waajemi, kwani kwenye sataranji shaha haliwi hata siku moja. Farasi huliwa, ndovu huliwa, yule ambaye Waingereza walimgeuza askofu. Hata malkia huliwa, na huyo amekikalia kiti cha waziri aliyekuwa akienda hatua moja tu mshazari, mpaka mwishoni mwa karne ya 15 Wahispania walipomfungulia ubao mzima. Shaha hubanwa tu, na mchezo ukaishia hapo.

Basi watoto wako waseme "Shaha kabanwa." Wakitaka kujigamba, "Nimekufunga" ipo, tena tamu, ndiyo tunayotupiana kwenye dama na karata. Wakishindwa kabisa kuacha chekmeti, waseme "Chekmeti!" peke yake, wanyamaze.

Nami nisijifanye mkamilifu. Wiki iliyopita mjukuu wangu alinishinda kwenye simu, kabla chai haijapoa. "Babu, nimekufanya chekmeti." Nikamsomesha yote haya, tangu Wahindi hadi gatini. Akasikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Sawa, babu. Lakini shaha wako kabanwa."