Seva mbili, kura tatu: kupanga klasta isiyosimama

SWALI: Assalamu alaikum. Ofisi yetu ya Chake Chake ina seva mbili zinazofanana, swichi moja ya mtandao na UPS moja (betri ya akiba ya umeme). Tunataka hifadhidata ya malipo iendelee kufanya kazi hata seva moja ikiharibika, kwa kuziunganisha ziwe klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama seva moja, kwa kutumia Corosync (inayowasilianisha seva na kuhesabu kura) na Pacemaker (inayoanzisha huduma kwenye seva iliyo hai). Je, nodi mbili, yaani seva mbili za klasta, zinatosha, au moja tuipeleke Unguja?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu msomaji. Kwa kazi zinatosha. Kwa maamuzi hazitoshi. Mawasiliano baina yao yakikatika ilhali zote ni hai, kila moja yaweza kudhani mwenzake amekufa ikaanza kupokea malipo kwenye nakala yake, na kuzioanisha stakabadhi hizo baadaye ni kazi ya mkono. Kila nodi ina kura moja, na akidi, yaani idadi ya kura inayoiruhusu klasta kuendelea, huhitaji zaidi ya nusu ya kura: penye kura mbili akidi ni mbili, kwa hivyo nodi moja ikianguka ya pili nayo husimama, penye kura tatu akidi ni mbili vilevile, na huduma huendelea.

Seva zote mbili zibaki Chake Chake, na Unguja ipelekeni kura ya tatu peke yake, yaani programu ndogo iitwayo QNetd, ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu. Nodi za Corosync zinataka njia thabiti yenye ucheleweshaji wa milisekunde chache tu, jambo nisilolitegemea kuvuka bahari, ilhali QNetd huvumilia zaidi. Na hata ikipotea usiku kucha, nodi zenu zina kura mbili.

Ishara za uhai, ambazo kwazo kila nodi hujua mwenzake yu hai, zipitisheni kwenye kebo yake, kutoka seva hadi seva bila swichi, ili unakili wa data usizicheleweshe, na njia ya pili ipite kwenye swichi, kwani Corosync 3 inakubali hadi njia 8. Nunueni swichi ya pili. Ikiwa swichi hizo mbili hazina uwezo wa kufanya kazi kama swichi moja, acheni LACP (njia ya kuunganisha kebo mbili zifanye kazi kama moja). Kebo moja itumike na nyingine ingoje.

Panapowaponza wengi ni kuzima kwa lazima nodi iliyopotea. Mkitegemea IPMI pekee, yaani kifaa cha ndani ya seva cha kuizima kwa mbali, seva ikikosa umeme kifaa hicho nacho huzimika, Pacemaker haipati uthibitisho, na nodi iliyo hai hukaa ikingoja. Ongezeni SBD (programu ya kuizima nodi iliyopotea) na kipima saa cha ndani ya seva, ili nodi iliyokosa akidi ijiwashe upya yenyewe na ile nyingine ichukue huduma baada ya muda uliopangwa. Kwa mpango huu msiiruke kura ya tatu.

UPS moja nayo haifai. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika seva zote hukatikiwa pamoja. Kila seva iwe na UPS yake, na swichi zigawanywe hivyo hivyo.

Kabla ya kuingiza malipo halisi, chomoeni waya wa umeme wa seva inayotoa huduma. Kuizima kwa amri si jaribio, maana hapo huaga vizuri kabla ya kuondoka.