Jibu: Cherehani ya nyanya imekwama, nipake rangi mpya?

Dada, unasema cherehani ya nyanya imekwama na fundi anataka kuipaka rangi mpya. Mwambie asubiri kwanza. Singer ya kukanyaga iliyokaa stoo miaka mingi ikikataa kuzunguka, mara nyingi ni mafuta ya zamani yameganda tu. Tia matone ya mafuta ya taa (mbali na jiko!) kwenye matundu ya juu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Iache ilale hivyo, kesho yake zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Ikilegea, futa ule uchafu mweusi, utie mafuta ya cherehani. Ya kupikia hapana, yataganda tena. Penye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) toa vumbi na nyuzi kwa sindano. Nyuzi zenyewe usitupe, huenda ni za sare ambazo nyanya aliwashonea.

Maua ya dhahabu yaliyopambwa kwenye cherehani usiyaguse kwa spiriti, huyeyusha vanishi ya zamani. Mshipi wa ngozi unaozungusha gurudumu ukikatika, ulizia kwa mafundi wa soko la Gikomba, Nairobi. Na pale mbele palipochubuka, nyanya alipokuwa akiegemeza mkono? Mimi ningepaacha. Umri wake utaujua kwa namba iliyogongwa kwenye kitako. Orodha za namba na miaka zimo mtandaoni.