Kwa nini kosaini ya nyuzi 150 ni hasi?

Mdogo wangu wa Ujiji, unasema jedwali la pembe umelikariri lote, lakini ukipewa nyuzi 150 hujui hasi inatoka wapi. Kukariri hakutakufikisha mbali hapo. Chora.

Chukua karatasi ya manila na bikari, uchore duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kisha upitishe mihimili ya x na y kwenye kitovu chake. Hizo sentimita 10 ndizo moja yako. Anzia upande wa kulia, uende kinyume na mwendo wa saa, upime nyuzi 30, uweke nukta pale kwenye duara. Sasa lete rula. Nukta iko sentimita 5 juu ya mhimili wa x, na kama 8.7 kulia kwa mhimili wa y. Gawanya kwa 10: ile ya kwenda juu, 0.5, ndiyo saini. Ile ya kwenda kulia, 0.87, ndiyo kosaini. Hakuna siri nyingine.

Pima 150. Kimo ni kilekile, sentimita 5, ila nukta imehamia kushoto kwa mhimili wa y, na huko vipimo huhesabiwa hasi. Saini inabaki 0.5, kosaini inakuwa −0.87. Kwenye 210 nukta iko kushoto na pia chini ya mhimili wa x, ambako nako ni hasi, kwa hiyo zote mbili ni hasi.

Tanjenti ni saini kugawanya kwa kosaini; kwenye 90 kosaini ni 0, kwa hiyo tanjenti haipo. Rediani, kile kipimo kingine cha pembe, ziache kwanza.

Nyuzi 300 ifanye mwenyewe, kwa rula, halafu uniandikie umepata nini.